Fundi kama kazi huijui, rudisha kitu cha watu! Kalamu ya marehemu baba imeharibiwa Tabora mjini

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni. Leo sikuja na siasa wala usajili wa Simba na Yanga. Nimekuja na hasira, na kwa kuwa nyumbani wameshachoka kunisikiliza, nawaletea nyinyi.

Nianze na mali yenyewe, asije mtu akasema nalilia peni ya mia tano. Ni Parker 45, kalamu ya wino, nyeusi, kifuniko cha chuma chenye ile klipu ya mshale, nibu (ile ncha ya kuandikia) ya dhahabu ya karati 14. Parker walianza kuitoa mwaka 1960. Marehemu baba aliinunua Nairobi alipopelekwa kozi ya reli, enzi hizo reli ni moja kwa Kenya, Uganda na sisi, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika 1977. Akarudi nayo Tabora, akaiandikia madaftari ya stesheni mpaka anastaafu. Na stesheni ya Tabora mnaijua, pale ndipo treni ya Mwanza na ya Kigoma zinapoachana, maandishi hayaishi. Sisi watoto kuigusa ilikuwa kesi. Alipofariki ndugu zangu walibishana viwanja na ng'ombe mpaka wazee wakaitwa. Mimi niliomba kalamu tu, hakuna aliyenibishia. Kuna waliocheka, na hadi leo wanacheka.

Sasa mkosaji namba moja. Nafanya kazi ya ukarani Urambo, mambo ya tumbaku. Siku ya soko, watu wamejaa, kila mkulima anataka risiti yake aondoke. Nimetundika koti kitini, nimetoka kwenda mzani kuhakiki uzito. Mwenzangu wa meza ya pili peni yake ikaisha. Badala ya kuomba nyingine, kaingiza mkono kwenye koti langu, kachomoa Parker, kaanza kukata nayo risiti. Risiti za nakala tatu! Karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi. Kaona nakala ya chini haitoki, kakandamiza. Haitoki tena, kakandamiza zaidi.

Kwa wasiojua: peni ya kawaida ina kigololi kwenye ncha na wino wake ni mzito, lazima uisukume kidogo ndipo kigololi kizunguke. Kalamu ya wino haitaki nguvu hata kidogo. Nibu ina meno mawili yaliyobanana, katikati kuna mpasuko mwembamba kuliko unywele, wino unashuka wenyewe kwenye huo mpasuko hadi karatasini. Ukikandamiza, meno yanaachana. Yakishaachana moja kwa moja, wino unaishia njiani. Niliporudi nikakuta nibu imepanuka kama mdomo wa kifaranga anayesubiri kulishwa, na mwenzangu ananiambia, "Kaka, hii peni yako mbovu, haiandiki." Haiandiki! Nikakaa kimya maana wakulima walikuwa wanatutazama. Huyu tulishamalizana, alikuja nyumbani na mke wake wakaomba radhi, nikasamehe. Uzi huu si wake.

Uzi huu ni wa fundi.

Nikaenda Tabora mjini. Nikaulizia, nikaelekezwa kibanda kimoja ambacho ubaoni kimeandikwa kwa rangi nyekundu: simu, saa, redio, miwani, mabegi, kalamu. Neno kalamu lipo, nimelisoma mwenyewe. Nikamwonyesha. Namwuliza, fundi, hii ni Parker 45, umewahi kuishika? Akaigeuzageuza, akasema, "Bosi, hizi ndizo kazi zetu, hii ndogo sana." Nikamwambia shida ni meno ya nibu tu, hakuna kingine. Nikamwambia na hili, nalinukuu kama nilivyolisema: "Nibu ya hii inafunguka kwa kuzungusha na vidole, usiivute." Marehemu alikuwa anaifungua hivyo kila akiisafisha. Unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, wino uliokauka unalainika, unazungusha, nibu inatoka pamoja na kile kiplastiki cha chini chenye vimifereji. Parker 45 imetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu abadilishe nibu mwenyewe bila kwenda kwa fundi yeyote duniani.

Akanijibu: "Bosi, acha mafundi tufanye kazi." Elfu kumi na tano, zote mkononi, eti za vifaa. Nikatoa.

Sasa sikilizeni nilichokikuta, na naomba wenye roho nyepesi waruke hii aya. Kwanza, alivuta. Kachukua plaizi, kabana pale pa kushikia kalamu, kavuta. Meno ya plaizi yamechora mistari kwenye plastiki pande zote mbili, unaihesabu kwa kucha. Nibu haikutoka, bila shaka, maana ina skrubu! Akaona labda wino umeganda, akapaka thina. Thina, jamani, ya rangi za milango. Plastiki ikalainika, ikapoteza weusi wake, na alipoishika akaacha alama ya dole gumba ambayo imekaukia palepale, mistari yote inaonekana, polisi wangeipenda. Kisha kuna ufa umetokea, sijui kwa plaizi au kwa thina, akauziba kwa supaglu. Supaglu ikaingia ndani ikagandisha nibu, kiplastiki na kila kilichokuwepo, kipande kimoja. Akachukua msasa akasugua ncha ili "ilainike." Halafu, ili ahakikishe kazi imekamilika, akajaza wino wa mhuri.

Wino wa mhuri! Ule ni mzito, una vitu vya kuufanya usikauke haraka kwenye kile kitambaa cha mhuri, haukutengenezwa kupita kwenye mpasuko wa nibu. Umejaa kwenye vimifereji vyote na umekaa humo kama umelipia kodi.

Tafakarini na hili la supaglu. Ikishakauka, kinachoiyeyusha ni asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Lakini asetoni hiyohiyo inakula plastiki. Kwa hiyo ukiiacha gundi, kalamu imekufa. Ukiitoa gundi, kalamu inayeyuka. Mtu mmoja, kibanda kimoja, mchana mmoja.

Nikamwuliza, fundi, mbona hukuniambia huijui? Hakukasirika hata kidogo. Akacheka. "Mkubwa, hiyo ya kizamani. Nunua ya mia tano uandike, maneno ni yaleyale." Nikadai hela yangu. Hela imeshanunua vifaa. Vifaa gani? Supaglu. Nikadai kipampu changu, kile kidude cha ndani unachokiminya kuvuta wino, maana naona kalamu ni nyepesi na ndani ni patupu. Akapekua droo, akapekua kopo la skrubu, akasema kitakuwa hapahapa, nipite kesho. Mnaijua kesho ya fundi.

Kuna watakaosema nenda kwenye sheria. Sheria ipo, ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ipo na kumlinda mlaji ni kazi yake. Shida ni kwamba fundi wa kibanda hatoi risiti, na mimi ninayekata risiti kutwa sikuikumbuka, maana nani anadai risiti kwa fundi? Nilijaribu kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee wa watu alinisikiliza vizuri, mwisho akaniuliza kwa upole kama ni kalamu kweli au kuna mgogoro wa kiwanja nyuma yake.

Aliyeniokoa ni rafiki wa marehemu, naye mstaafu wa reli. Akasema Ujiji kuna mzee fundi saa, saa zile za kutia ufunguo, ukimpelekea kitu atakwambia ukweli hata kama unaumia. Nikapanda treni ya Kigoma. Nikamkuta mzee barazani na ile lenzi ya jichoni. Shikamoo, marahaba, nikamkabidhi. Alikaa nayo muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza: "Mwanangu, huyu aliyefanya hivi, mlikuwa na ugomvi?"

Halafu akanipa hesabu yake, kitu kwa kitu. Pa kushikia hapana matumaini, plastiki ikishayeyuka hairudi. Kiplastiki cha chini ya nibu nacho basi. Mwili na kifuniko vizima. Nibu inawezekana, lakini hawezi kuitoa bila kukiua kile kipande cha mbele, na akikiua hana cha kuweka badala yake. "Nitafutie kingine cha aina hiihii ndipo nikate. Kabla ya hapo sigusi, na hela yako rudi nayo." Yaani mzee mwenye zana zote mezani ananiambia sigusi, na yule wa Tabora mwenye plaizi na kopo la thina ananiambia hii ndogo sana.

Mwanangu aliyeko Dar akapata Uingereza, kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, Parker 45 nyingine iliyopasuka mwili lakini mbele nzima. Uzuri wa kalamu hizi ni kwamba vipande vyake vingi vinaingiliana. Bei pamoja na usafiri sitaitaja, mke wangu anapita humu. Ikaja kwa Posta, nikarudi Ujiji.

Hapo niliona kazi. Mzee alichukua kimsumeno cha sonara, chembamba kama uzi, akakata ile plastiki iliyoharibika kwa urefu, polepole, akisimama kila mara kupuliza vumbi. Alipofika karibu na nibu akaacha msumeno, akaendelea kwa sindano, akibandua gundi chembe kwa chembe. Hakutia dawa yoyote. Dhahabu ilipotoka akaiosha, akaiweka kwenye lenzi, akaninyoshea mkono nami nitazame. Nikaona kwa mara ya kwanza kile ambacho sijawahi kukijua miaka yote: kwenye ncha ya dhahabu kuna kitone cha chuma kingine, kigumu, kimepasuliwa katikati na meno. Akasema dhahabu peke yake ni laini, ikisuguliwa na karatasi ingeisha, kitone hicho ndicho kinachoandika. Na upande mmoja wa kitone ulikuwa umekuwa bapa. Msasa. Yule bwana angesugua kidogo zaidi, ingebaki dhahabu tupu na hapo hata mzee asingekuwa na la kufanya.

Kunyoosha meno kulichukua muda mfupi kuliko chai aliyoniagizia. Kucha za dole gumba mbili, anasukuma jino moja juu, jingine chini, anatazama kwenye lenzi, anarudia. Hakuna plaizi. Akaipachika kwenye kipande cha mbele cha ile kalamu ya Uingereza, akazungusha kwa vidole, kwa vidole wakuu, ikaingia.

Inaandika. Ukiilaza kidogo kushoto inakwaruza karatasi kwa sababu ya ule ubapa, mzee akasema akiusawazisha atazidi kukipunguza kile kitone, afadhali nijizoeze. Nimejizoeza. Mzee alitaka elfu kumi. Nikampa zaidi akarudisha chenji.

Kwa hiyo nilichonacho sasa ni mwili wa baba, kifuniko cha baba, nibu ya baba, na shingo ya Mwingereza fulani nisiyemjua. Sina kipampu, maana ile ya Uingereza ilikuja bila chake. Kwa sasa nachukua katriji (kile kichupa cha plastiki cha wino kinachokaa ndani ya kalamu) iliyoisha, naijaza wino kwa bomba la sindano la duka la dawa, narudishia. Muuza dawa alinitazama vibaya mara ya kwanza nikamweleza, sasa ananitania. Na wino wenyewe naagiza Dar, maana madukani Tabora niliyouliza wana wa mhuri na wa printa tu. Kama kuna mdau anajua duka lenye wino wa kalamu, wa chupa, Tabora au hata Nzega, aandike hapa chini.

Nawe fundi, kuna wateja wako humu, watakufikishia. Elfu kumi na tano kaa nazo, ulinunua supaglu. Lile neno kalamu lifute ubaoni, au ongeza neno "hapana" mbele yake. Na kipampu changu ni cha chuma, kifupi kama kidole cha mtoto, kimeandikwa Parker ubavuni. Kwenye kopo la skrubu hukufika chini, nilikuwa nakuangalia. Kikionekana kiache kwa mama wa vitumbua mlango wa pili. Nimeshaongea naye, na sitauliza kilikuwa wapi.