Mjadala: Je, serikali ina haki ya kuacha kuhudumia kijiji kwa sababu tu kiko mbali?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Mwaka 2014 kiongozi wa serikali ya jimbo la Australia Magharibi, Colin Barnett, alisema kati ya vijiji 100 na 150 vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, huenda vikafungwa, kwa sababu serikali kuu ilikuwa inajitoa katika kugharamia huduma kama maji na umeme. Machi 2015 Waziri Mkuu Tony Abbott akamuunga mkono: walipa kodi hawawezi kubeba milele gharama za watu waliojichagulia kuishi hivyo. Maandamano yakafuata.

Mimi niko upande wa vijiji, na nitakitumia kimoja kujieleza: Kintore, ambacho wenyewe wanakiita Walungurru. Kiko kilomita zipatazo 530 magharibi ya Alice Springs, mji wa katikati ya Australia. Tangazo la Barnett halikukigusa, maana kiko upande wa pili wa mpaka, katika eneo la Northern Territory. Hoja ya Abbott inakigusa moja kwa moja.

Tuanze na hilo la "kujichagulia". Wapintupi, watu wa Kintore, waliishi Jangwa la Magharibi vizazi na vizazi. Miaka ya 1950 na 1960, wakati roketi zikijaribiwa kutoka Woomera, kituo cha majaribio kusini mwa Australia, na njia yake kupita juu ya nchi yao, maofisa wa doria waliwafuata jangwani, na wengi wakaishia Papunya, makazi yaliyofunguliwa na serikali mwaka 1959. Sera ya wakati huo ilikuwa kuwageuza Waaborijini waishi kama wazungu. Walichanganywa na watu wa lugha nyingine kwenye ardhi isiyo yao, wakalishwa katika bwalo, na magonjwa yakawaua wengi mno ndani ya miaka michache. Kwa hiyo anayesema "wahamishiwe karibu na huduma" ajue dawa hiyo ilishajaribiwa kwa watu hawa hawa.

Mwaka 1981 wakarudi nchini kwao na kuanzisha Kintore. Ulikuwa uamuzi wao wenyewe.

Sasa nije kwenye huduma, maana hapa ndipo wapinzani wangu wanapojiona wana nguvu. Maradhi ya figo yamewakamata watu wa jangwani vibaya sana. Mgonjwa anahitaji mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nne au tano kila mara, na mashine hizo zilikuwa Alice Springs. Mzee aliyeugua aliondoka Kintore akijua huenda asirudi akiwa hai. Kule mjini alikaa mbali na wajukuu, mbali na sehemu anazopaswa kuzitunza kwa mila, na wapo waliokataa matibabu kabisa ili wafie nyumbani. Waliambiwa mashine haiwezi kufungwa kijijini, ni ghali na ni mbali mno.

Wachoraji wa Kintore na wa Kiwirrkurra, kijiji kingine cha Wapintupi, wanaume kwa wanawake, wakakaa chini wakachora picha kubwa kwa pamoja. Novemba 2000 zikapigwa mnada Sydney, pamoja na kazi nyingine, na zikapatikana zaidi ya dola milioni moja za Australia. Kufikia 2004 watu walikuwa wanasafishwa damu Kintore kwenyewe. Shirika lililozaliwa hapo, Purple House, leo lina mashine katika vijiji vingi vya jangwani na lori maalumu linalozunguka. Kilichoitwa hakiwezekani kiliwezekana, na walioanza kukilipia ni wale wale wanaoitwa mzigo.

Sikatai kwamba gharama zipo. Dizeli ya kuzalisha umeme inasafirishwa mbali, walimu hawakai, bei za dukani zinaumiza, ajira ni chache. Lakini hesabu ninayoletewa kila mara ni ya upande mmoja: gharama za kubaki. Gharama za kuhama sizioni. Mgonjwa akihamia mjini anahitaji nyumba, na ndugu zake watamfuata kwa sababu hawamwachi peke yake. Alice Springs yenyewe ina watu wengi wanaoishi kwa msongamano katika kambi za pembezoni mwa mji.

Anayeunga mkono kufunga vijiji atuwekee hesabu hiyo hapa: wakazi wa kijiji kama Kintore watalala wapi mwezi wa kwanza, na bajeti ya nani italipa?