Kinu cha nyuklia kinaiongezea nini nyambizi ya mashambulizi inaporusha makombora nchi kavu?

FundiMeli_MwanzaKusini aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Kazi yangu ni injini za meli hapa Mwanza Kusini. Tangu Juni 2025, nyambizi ya Marekani iliporusha makombora ya Tomahawk kwenye eneo la nyuklia la Isfahan nchini Iran, mabishano hayaishi karakana. Wenzangu wanashikilia kwamba nyambizi ikiwa na kinu cha nyuklia, basi makombora yake nayo ni ya nyuklia, na kwamba inaweza kupiga bila kukoma. Mimi naijua dizeli: isipopata hewa inazima, na moshi wake lazima upate pa kutokea. Naomba mwenye ujuzi anieleze kinu kinaongeza nini hasa, na kikomo cha silaha hizi kiko wapi.

Mwalimu_Nyegezi alijibu:

Ndugu Fundi, umeanzia mahali panapofaa, kwa sababu hewa ndiyo kiini cha suala hili. Nyambizi ya dizeli hulazimika kupanda karibu na uso wa bahari ili ichaji betri, na hapo ndipo inapoweza kuonekana. Kinu hakihitaji hewa: joto la urani hutengeneza mvuke, mvuke huzungusha mitambo, na umeme unaopatikana huendesha hata vifaa vya kutengeneza oksijeni na maji ya kunywa kutokana na maji ya bahari. Nyambizi za Marekani za daraja la Virginia hubeba fueli iliyokusudiwa kutosha maisha yote ya chombo, zaidi ya miaka 30, kwa hiyo kinachoirudisha bandarini ni chakula cha mabaharia na matengenezo.

Kuhusu makombora, wenzako wamechanganya mambo mawili. Kinu ni cha kuendeshea tu. Tomahawk inayotumika leo hubeba kichwa cha baruti ya kawaida chenye uzito wa kilo 450 hivi. Lilikuwapo toleo la nyuklia la kurushwa baharini, lakini uamuzi wa kuliondoa ulitangazwa mwaka 2010. Nyambizi zinazobeba makombora ya balistiki (yanayopanda juu sana kisha kuangukia shabaha) yenye vichwa vya nyuklia ni aina nyingine kabisa, na kazi yake si hii.

Baharia_Musoma alijibu:

Naomba niongezee kuhusu kikomo, jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Kikomo ni idadi. Virginia ya kawaida ina nafasi 12 za kurushia Tomahawk wima, na toleo jipya lililorefushwa linatarajiwa kubeba 40. Astute ya Uingereza haina mirija ya wima. Hurusha kupitia mirija yake sita ya topedo (silaha inayosafiri majini kupiga meli), na ina nafasi ya silaha 38 kwa jumla, kwa hiyo kila kombora linaloingia humo linachukua nafasi ya topedo moja. Suffren ya Ufaransa hufanya vivyo hivyo kwa kombora lao la MdCN. Severodvinsk ya Urusi, iliyoanza kazi mwaka 2014, inaweza kubeba makombora 32 katika mirija ya wima. Yakishakwisha, nyambizi haina budi kurudi kupakia upya, hata kama kinu chake kina nguvu ya miaka mingine ishirini.

FundiMeli_MwanzaKusini:

Nawashukuru sana. Je, kombora lenye injini ya ndege linatokaje majini bila kuharibika? Na linaweza kufika umbali gani?

Mwalimu_Nyegezi alijibu:

Injini yake haiwaki majini. Kombora husukumwa nje ya mrija kwa shinikizo, kisha roketi ndogo iliyo mkiani huwaka na kulipandisha hadi juu ya uso wa bahari. Likiwa hewani, roketi hiyo hudondoka, mabawa hufunguka, injini ya jeti huwaka, na kombora hushuka kuruka chini chini ili kuikwepa rada. Masafa yake ni takriban kilomita 1,600, kwa mwendo wa kama 880 kwa saa. Tuseme limerushwa kutoka bahari ya Tanga: lingefika Mwanza kwa muda usiozidi saa moja, na bado lingebakiwa na uwezo wa kuendelea mbali.

Hata hivyo, urushaji wenyewe una gharama. Moto na moshi wa roketi huonyesha mahali nyambizi ilipo, ndiyo maana kamanda hulazimika kuhama mara baada ya kurusha, na hapo ndipo kinu kinapothibitisha thamani yake, kwa kuwa kinampa mwendo wa kasi kwa muda mrefu bila kuhofia betri kuisha.

Baharia_Musoma alijibu:

Ni kweli. Kwa ajili ya idadi hiyohiyo, Marekani ilizigeuza nyambizi nne za zamani za daraja la Ohio ziweze kubeba hadi Tomahawk 154 kila moja, na mojawapo, Florida, ilirusha zaidi ya 90 dhidi ya Libya mwaka 2011. Nne hizo zimezeeka na zinakaribia kustaafishwa. Virginia moja iliyorefushwa, pamoja na makombora yake 40, haifikii hata theluthi ya mzigo wa Ohio moja, kwa hiyo pengo hilo litazibwa kwa kujenga nyingi tu, na viwanda vyao vya meli vimekuwa vikichelewa kuzikamilisha.