Tupeane uzoefu: kunyoosha magurudumu ya chombo ulichokiunda mwenyewe

Kijana wa Kikwajuni
Assalam aleykum ndugu zangu. Nilipokuwa naishi Uingereza, jirani yangu alikuwa akiunda ndege ya viti viwili, yenye gurudumu dogo mkiani, nami nikimsaidia jioni. Siku ya kufunga miguu tulishusha timazi mbili kutoka katikati ya bodi, tukapiga mstari wa chaki sakafuni, tukapima kila gurudumu kwa mstari ule. Sawa kabisa. Ilipoingia injini, miguu ikatanuka kwa uzito na vipimo vyote vikapotea!

Tukaanza upya. Chini ya kila tairi tukaweka bati mbili zilizopakwa grisi katikati, ili tairi iteleze ikae inapotaka. Mkia tukaunyanyua mpaka pima maji ikakubali, maana tairi iliyolala upande hubadilisha mwelekeo wake ukishusha au kupandisha mkia.

Tulichokiogopa ni magurudumu kuelekeana kwa mbele. Ndege ikiyumba, uzito huhamia gurudumu la nje. Nalo likiwa limeelekea ndani, huizidisha ndege kugeuka mpaka mkia unaipita pua. Tulitia vikabari vyembamba baina ya ekseli na mguu, hadi magurudumu yakawa sambamba. Nani mwengine kapitia haya, hata kwa chombo chengine?

Fundi wa Wete
Waaleykum salaam. Mie ndege sijaigusa, lakini gari za ng'ombe nimeunda saba. Ya kwanza nilichomelea ekseli kwa kukadiria macho. Ng'ombe akahema na gari tupu, tairi zikalika ukingo wa nje. Nilipopima rimu kwa rimu, mbele palikuwa pembamba kuliko nyuma kwa vidole vitatu. Yule mnyama nilimtesa miezi mizima kwenye vilima vyetu hivi, na mpaka leo naumia nikimkumbuka.

Bint Makunduchi
Fundi, unapima gari ikiwa tupu au na mzigo?

Fundi wa Wete
Siku hizi na mzigo, mchanga umejaa. Ekseli nyembamba hunepa katikati, tairi zikalala juu kwa ndani. Ila hizo bati za grisi sikuwa nazijua. Nilikuwa nikiisukuma gari mbele na nyuma ndipo nipime. Kesho nina ekseli mpya, nitazijaribu.

Kijana wa Kikwajuni
Zuia gari isiondoke, fundi. Bati zile zinateleza kweli.