Reli nyembamba ya Sigi: je, behewa lake liliweza kufika Moshi?

Mwuliza swali, Moshi

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mwezi uliopita nilikwenda Amani, wilayani Muheza, na pale Sigi, kabla ya kuanza kupanda mlima, nikakuta jengo la stesheni ya Wajerumani ambalo sasa ni kituo cha taarifa cha hifadhi. Nililizunguka lote nikitafuta walau kipande cha reli, nisikione. Niliporudi nikamsimulia mzee jirani yangu, mstaafu wa reli, naye akasisitiza kwamba ile ilikuwa tawi la kawaida la reli yetu, na kwamba behewa lililopakiwa Sigi lingeweza kufika Moshi bila kushushwa mzigo. Je, ni kweli? Na kwa nini iliishia bondeni ilhali Amani iko juu?

Jibu la kwanza, Arusha

Mfikishie mzee shikamoo yangu, lakini hilo halikuwezekana. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ikafika Moshi 1911 na kuendelezwa na Waingereza hadi huku kwetu Arusha 1929, ina upana wa mita moja, ilhali ya Sigi ilikuwa na milimita 750 tu. Kwa hiyo Tengeni, mbele kidogo ya Muheza, ambako njia hizo mbili zilikutana, kila gogo lilipaswa kuhamishwa kutoka behewa dogo kwenda kubwa. Wembamba huo haukuwa uzembe. Reli nyembamba hukata kona kali zaidi, hivyo huufuata mlima ulivyo bila kuchimba sana, na palipokuwa na mwinuko mkali treni ilikwenda mbele, ikasimama, kisha ikapanda kipande kilichofuata kinyumenyume.

Jibu la pili, Moshi

Naongezea kuhusu kuishia bondeni. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 23, ilijengwa kati ya 1904 na 1910 na kampuni ya mbao ya Kijerumani, na shabaha yake ilikuwa magogo ya msituni. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kilichoanzishwa 1902, kilinufaika nayo, lakini hakikuwa sababu ya kujengwa kwake. Sigi iko mita zipatazo 450 juu ya usawa wa bahari na Amani karibu 900, na kupandisha reli mwinuko wote huo ni gharama ambayo mfanyabiashara wa mbao hakuwa na haja nayo. Tusiichanganye na waya wa angani wa Shume ulioteremsha mbao hadi Mkumbara. Huo ulikuwa Usambara Magharibi, ilhali Sigi iko Usambara Mashariki.

Linaloniuma ni kwamba njia iliyotegemea mzigo wa aina moja haikuwa na wa kuitetea mzigo huo ulipokwisha. Ya kwetu ilikuwa na kahawa, mkonge na abiria, na hata baada ya kulala kwa miaka mingi, treni ya abiria ilirudi Moshi 2019.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Jana jioni nilichukua futi ya fundi seremala nikapima hapa kwetu, stesheni ya Moshi, kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi wa nyingine: sentimita 100. Mzee amekubali. Ameniambia kwamba kabla ya kiungo cha kwenda Ruvu, kwenye Reli ya Kati, kukamilika 1963, treni za huku hazikuwa na njia ya kufika Dar es Salaam, kila mzigo ulielekea Tanga au Voi, ndiyo maana kwao wafanyakazi wa reli, reli yote ya kule ilikuwa moja. Safari ijayo nitashukia Muheza, nianze na Tengeni.