Tupeane uzoefu: samaki wa magambani wa Ziwa Tanganyika (wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono), unawachanganya na nani na chini unaweka nini?

Sinza Kijiweni: Wakuu, kuna tanki linauzwa mtaani huku, ndani samaki wa magambani aina ya multifasciatus (multi) wamechanganywa na goldfishi juu ya changarawe za bluu. Ndiyo sababu ya uzi huu. Tanki la sm 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 hivi: tupeane uzoefu.

Tabata Bima: Majirani baadaye, anza na mchanga. Uwe laini, kina sm 5 kwenda juu. Hawa hubeba mchanga mdomoni na kuutema pembeni mpaka gamba lizame, ubaki mlango tu. Changarawe hawaiwezi, basi watazubaa. Mchanga wa ujenzi unafaa, ila osha ndoo kwa ndoo mpaka maji yatoke meupe, tope lisije likaziba sponji ya filta. Mawe yalaze kwenye kioo KWANZA, ndipo umwage mchanga. Yakiwa juu ya mchanga watachimba chini yake, jiwe litaporomoka na kioo kitaondoka nalo.

Mbezi Beach: Umemaliza mkuu.

Kigamboni Feri: Magamba sasa. Kule ziwani wanatumia ya konokono anayeitwa Neothauma. Hapa Dar okota ya konokono wa shambani wale wanaojaa masika, chagua madogo. Chemsha, toa mabaki yote ya nyama maana yakioza ndani yanachafua maji, suuza. Hesabu magamba mawili au matatu kwa kila samaki. Kombe za baharini nazo zinafaa, tena za bure.

Tabata Bima: Za baharini usishauri kiholela. Nyingi zimefinyika ghafla kwa ndani, samaki akijichomeka hageuki tena.

Kigamboni Feri: Zipo za mviringo zenye mdomo mpana. Acha kukariri.

Ukonga: Mmenikumbusha tanki la mapokezi, ofisi moja pale Posta. Lita 200, kundi zuri la multi, magamba yametapakaa mchanga mzima. Muuzaji akaongeza "mtoto" mmoja wa kijivu, akasema naye ni wa magambani. Miezi ikapita, mtoto akawa na urefu wa kidole cha kati. Magamba yakaanza kuhama! Anang'ata ukingo wa gamba, anarudi nyuma nalo kinyumenyume, multi yumo ndani, analibwaga kwenye kona. Mwisho yote yakawa rundo moja. Multi akitoka anajikuta mlangoni kwa adui yake, vita papo hapo. Madume waliokosa gamba wakabanana nyuma ya filta, mapezi yamechanika. Kumbe ni dume la Lamprologus callipterus. Alipotolewa, magamba yakapangwa upya kwa mafungu matatu yaliyoachana, ndipo pakatulia.

Temeke Mwisho: Hii chai. Abebe nyumba na mpangaji ndani?

Mikocheni B: Si chai. Dume la callipterus linapita sm 12, uzito wake zaidi ya mara 12 ya jike. Gambani haliingii, anayetaga humo ni jike. Kwa hiyo dume linakusanya magamba ili lipate wake, na likikuta la jirani lina jike ndani linaiba vyote viwili.

Temeke Mwisho: 😂😂 Nimefuta kauli.

Mikocheni B: Turudi kwenye majirani. Lita 54: multi peke yao, basi. Tanki la mita moja, weka jozi ya Julidochromis, samaki wa mawe, kwenye rundo la mawe upande mmoja, magamba upande wa pili, katikati mchanga mtupu uwe mpaka. Cyprichromis wanakaa juu, hawagombanii sakafu, ila ni samaki wa kundi, wanataka tanki la sm 120 na mfuniko kwa sababu wanaruka. Goldfishi hapana: wa maji baridi, na wanakua wakubwa. Mbuna, samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, hapana, ni wakorofi mno. Ocellatus, nao wa magambani, wape tanki lao, dume mmoja kwa majike wawili watatu.

Mbezi Beach: Synodontis wadogo, hawa jamii ya kambale, je? Wanapendeza.

Mikocheni B: Usiku wanakula mayai na watoto. Ukitaka kundi liongezeke, acha.

Gongo la Mboto: Maji ya kisima chetu yana chumvi, si ndiyo magumu wanayotaka?

Tabata Bima: Chumvi ya mezani na ugumu ni vitu viwili. Wanataka kaboneti, pH (kipimo cha asidi ya maji) kati ya 8 na 9. Tumia maji ya bomba yaliyotoka klorini, weka vipande vya matumbawe makavu ndani ya filta.

Kigamboni Feri: Au kijiko cha magadi, fasta.

Tabata Bima: Wewe tena! pH ikiruka ghafla, amonia iliyokuwa imetulia inageuka sumu. Polepole, badili asilimia 15 kwa wiki. Hita Dar huhitaji. Shida ni joto la Januari na Februari: elekeza feni juu ya maji, ongeza hewa.

Temeke Mwisho: Swali la mwisho. Kumhamisha, unamtoaje gambani?

Ukonga: Inua gamba, lishike juu ya ndoo mdomo ukiangalia chini, nusu ndani ya maji. Maji ya ndani yakipungua anashuka mwenyewe. Usitikise, usimvute kwa waya.

Temeke Mwisho: Nilishaandaa nyundo.