Acheni kugeuza javax kuwa jakarta kwenye plagini za Maven!

Wakuu, niko Arusha na nina hasira. Ofisi yetu hapa Njiro inahudumia mifumo ya bukingi ya kampuni za utalii, na sasa hivi ni msimu wa wageni, hakuna muda wa kupoteza. Jana bildi imegoma mchana kutwa kwa sababu mkandarasi mmoja alipita kwenye plagini yetu ya Maven (chombo cha kujenga programu za Java) akageuza kila javax.inject, pakeji ya Java yenye anotesheni kama @Inject, kuwa jakarta.inject, jina lake jipya. Kuulizwa, anajibu: "Javax imekufa, hata Spring wamehama."

Spring, ile fremuweki ya programu za Java, wamehama kweli. Jakarta EE 9 (viwango vilivyokuwa vikiitwa Java EE) ilibadilisha majina ya pakeji kutoka javax kwenda jakarta mwaka 2020, na Spring Boot 3 ya Novemba 2022 ikafuata. Lakini plagini ya Maven haiendeshwi na Spring! Inaendeshwa na Maven, na wanaosoma anotesheni zako (zile alama za @ kwenye kodi) ni Sisu na Guice, maktaba zilizomo ndani yake za kuliletea darasa vitu linavyohitaji. Kwenye Maven 3.8 tunayotumia sisi, hao wanaijua javax.inject tu. Ukiwaletea jakarta, inakompaili bila neno, halafu Mojo (darasa linalofanya kazi ya plagini) inaanza kazi fildi ikiwa null, yaani tupu, na kosa la NullPointerException hilo. Hapo ndipo ninapoumia zaidi: aliyeharibu haoni kitu, anayebildi ndiye anayekesha.

Halafu hili balaa la @Component. Ziko tatu, jina moja! Ya Spring inasajili darasa lako. Ya Plexus, mfumo wa zamani wa Maven, nayo inasajili. Ile ya org.apache.maven.plugins.annotations haisajili chochote, inaomba kuletewa kitu ndani ya Mojo, na Maven wenyewe wameshaitangaza kuwa ya kuachwa, wanataka utumie @Inject. Kihariri kinakupendekezea zote, mtu anabonyeza ya kwanza anasonga mbele. Jamani, soma import!

Na bado. Darasa lenye @Named (anotesheni ya kulitambulisha) ndani ya plagini, Maven hailioni mpaka kuwe na faharasa, faili META-INF/sisu/javax.inject.Named, ambayo sisu-maven-plugin ndiyo huitengeneza. Tazameni jina la hilo faili, javax imo humo humo. Bwana yule akaitoa sisu-maven-plugin kwenye pom, faili la mipangilio ya Maven, eti haina kazi.

Msije mkaniambia habari za Maven 4. Najua ina anotesheni zake, org.apache.maven.api.di. Hizo nazo si jakarta! Gradle, chombo kingine cha kubildi, vilevile: ukitaka uletewe huduma zake kama ObjectFactory au ExecOperations kwenye taski, ni javax.inject.Inject.

Vijana wengi hapa na Moshi naona wanafundishana hii tafuta-na-badilisha kama dawa ya kila kitu. Anayebisha aweke pom yake hapa pamoja na toleo la Maven analotumia, tuibildi wote tuone. Na wewe mkandarasi, kama unasoma humu, rudisha javax na sisu-maven-plugin kabla hujatuma ankara.