Nani amebeba kinasa sauti humu?

*Kikundi: UKOO WETU ❤️ | Jumapili usiku*

Salma: Shikamooni wote mlio macho. Jana nimemaliza sizoni ya pili ya The Sopranos, ile tamthilia ya bosi wa mafia Tony na genge lake, na hadi leo usingizi umekata. Big Pussy jamani, kuuawa na rafiki yake Tony kwenye boti 😭

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. Pole. Ile boti itakukaa kooni siku mbili tatu.

Kassim: Mimi nilisema zamani, yule mgongo wake hauumwi. Mtu anatoweka, anarudi anasema alikuwa Puerto Rico anatibiwa mgongo. Mgongo gani huo unapanda ndege?

Mama Salma: Mnaongelea nini saa hizi?

Salma: Ile tamthilia yetu mama, ya jana. Hivi hukulia pale kwenye boti?

Mama Salma: Aa. Ile. Nililia kidogo.

Kassim: Mimi sikulia. Msnichi, mtoa habari, ni msnichi tu. Unakula kwa mtu, watoto wako wanacheza na watoto wake, halafu kifuani umebandika mashine ya FBI.

Salma: Kassim wewe una roho ya jiwe. Alikamatwa na heroini, angeozea jela, na ana watoto wa kusomesha. Afanyeje?

Kassim: Anyamaze. Si ndiyo kiapo chao?

Farida: Mume wangu anaongea kama ameapishwa yeye.

Salma: Na ile siku ya kipaimara cha A.J., mtoto wa Tony! Yeye ndiye msimamizi wa mtoto, kinasa sauti kiko chini ya shati. Anakaa na mtoto chumbani anamwambia baba yako ni mtu mwema, kila neno linaingia kwenye mkanda. Halafu anakwenda kujifungia bafuni analia. Mnafiki halii vile.

Mjomba Idi: Hapo ndipo uandishi ulipo. Lakini usisahau upande wa pili, Salma. Baadaye alianza kunogewa. Unakumbuka alipofuata lori la wizi la kina Christopher, yule kijana wa Tony, kwa gari lake, peke yake, hakutumwa na mtu? Akaishia kugonga. Wakala wake mwenyewe wa FBI alimshangaa. Alikuwa ameshaanza kujiona naye ni askari.

Salma: Nililiona hilo nikacheka tu, sikulifikiria.

Mjomba Idi: Mtu aliyezoea kuwa na bosi hawezi kukaa bila bosi. Tony alipomponyoka moyoni, akamtafuta mwingine wa kumfurahisha. Ule utiifu wake haukufa, ulihama nyumba tu.

Kassim: Baba leo umeamka na filosofia.

Farida: Naomba niingize sheria kidogo, msikimbie. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria inaitwa RICO. Kabla yake ilikuwa kazi ngumu kumfunga bosi, maana bosi hashiki bastola, anatoa ishara tu. Baada ya hapo unaweza kushtaki genge zima kama kitu kimoja, na kosa moja la RICO peke yake linafika miaka 20. Mwaka huohuo ukawekwa na mpango wa kuwaficha mashahidi. Sasa mtu wa chini ana hesabu mbili tu: azeeke jela au aongee.

Farida: Na si hadithi. Sammy Gravano alikuwa namba mbili wa John Gotti kule New York. Alikiri kuhusika na mauaji 19, akatoa ushahidi, akapewa miaka 5. Gotti akala kifungo cha maisha mwaka 1992. Tamthilia imeanza 1999. Kila aliyekaa ile meza ya mbele ya duka la nyama la kina Tony anaijua kesi hiyo. Kila mmoja anamtazama mwenzake anajiuliza: wewe bei yako ngapi?

Kassim: Mauaji 19 miaka 5. Mimi nilichapwa viboko 6 kwa kuvunja kioo kimoja.

Mjomba Idi: Vioo viwili.

Salma: 😂😂 Haya, swali langu. Tony alijuaje? Maana mimi naona aliota tu. Chakula kikamchafua tumbo, akaota samaki anaongea kwa sauti ya Pussy, asubuhi akaenda kumuua rafiki yake. Ushahidi ni samaki?

Mjomba Idi: Samaki hakumwambia jipya. Rudi sizoni ya kwanza. Yule polisi mla rushwa, Makazian, alimwambia wazi kwamba Pussy amebeba kinasa sauti. Tony akamtuma mtu wake Paulie ampeleke Pussy mahali pa kuoga ili avue nguo, Pussy akakataa kuvua. Mtu mzima gani anahitaji ushahidi zaidi ya huo? Halafu akapatikana Jimmy Altieri, naye kweli ni mtoa habari, na Tony akashusha pumzi: kumbe ni huyu! Akamng'ang'ania Jimmy kwa sababu hakutaka awe Pussy. Mwaka mzima alijua na alikataa kujua. Tumbo ndilo lililokataa kumsaidia kudanganya.

Salma: Kwa hiyo alipokwenda kwa Pussy akasingizia tumbo, akapanda chumbani kupekua...

Mjomba Idi: Alikuwa anaomba asikute kitu.

Salma: Mjomba umeniua.

Kassim: Jamani mmeona Ba'mdogo Rashidi? Amesoma zote. Tiki za buluu tangu mwanzo. Hajaandika hata "hm".

Farida: Anakusanya.

Kassim: Ba'mdogo, ukiwa na kinasa sauti kohoa mara moja.

Mama Salma: Mwacheni shemeji yangu. Na hao FBI nao walihangaika. Pussy alipokufa walikuwa hawana sikio nyumbani kwa Tony, ndiyo maana ikabidi waingie kuweka ile taa kule chini.

Salma: Taa gani mama?

*Mama Salma amefuta ujumbe huu*

Kassim: 👀

Salma: Mama. Taa GANI. Sizoni ya pili haina taa.

Farida: Mimi nakwenda kuosha vyombo.

Salma: Tulikubaliana kila Jumamosi, mimi hosteli wewe nyumbani, tunabonyeza pamoja! Jana ulikuwa unaniuliza "huyu mwembamba nani tena?" Ulikuwa unaigiza??

Mama Salma: Mwanangu nisikilize. Nilikuwa na mafua ile wiki. Nikasema niangalie moja tu.

Salma: Umefika wapi?

Mama Salma: Mwisho.

Salma: Mwisho wa sizoni ya 3?

Mama Salma: Zote 86.

Kassim: SHANGAZI 😭😭😭 Mpelekeni kwenye boti.

Mjomba Idi: Dada yangu huyu alianza kuficha mambo akiwa na miaka saba. Sishangai.

Salma: Basi. Semeni yote, mimi simwamini mtu tena. Usinionee huruma mama, sema.

Mama Salma: Umeruhusu mwenyewe. Mimi Pussy simlilii sana, alikuwa mtu mzima na alijua alikoingia. Mimi niliyemlilia ni Adriana, mchumba wa Christopher. Yule binti walimtega. Akaletewa rafiki wa uongo, wanakwenda dukani pamoja, anamwalika nyumbani, kumbe rafiki ni wakala wa FBI. Alipoambiwa alitapika palepale mezani kwao. Na hakuwapa la maana, kila wakimbana anawapa vipande. Alichotaka ni kuolewa tu, tena harakaharaka, kwa kuwa aliona kwenye televisheni kwamba mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe.

Farida: Hiyo ipo, lakini ina matundu mengi kuliko alivyodhani.

Mama Salma: Umeshamaliza vyombo?

Mama Salma: Basi mwisho akamwambia Christopher ukweli wote. Akamwomba wakimbie. Christopher akamkaba, kisha akalia naye, akatoka kununua sigara. Pale kituo cha mafuta akaona familia moja na gari lao bovu, watoto wamejazana. Akawaangalia. Mimi nikajua hapohapo. Hakumchagua Tony, aliogopa kuwa yule baba wa kwenye gari bovu. Halafu watu wanaita utii!

Salma: Nani alimuua?

Mama Salma: Silvio, yule mshauri wa Tony. Alimpeleka msituni. Hawaonyeshi, unasikia tu, kamera inapanda kwenye miti.

Salma: Silvio?! Mimi Silvio nampenda

Mama Salma: Ndiyo hivyo. Na huyo Christopher aliyemtoa mchumba wake sadaka, unajua Tony alimfanya nini? Gari lilipinduka, Christopher anakohoa damu, Tony akaanza kupiga simu ya msaada, akaacha. Akamziba pua kwa vidole.

Kassim: Na aliyemziba pua ndiye aliyekuwa anasema huyu ndiye atakuwa mtu wangu wa karibu kuliko wote.

Mjomba Idi: Nami niongeze la Ray Curto wa genge hilohilo, maana hakuna anayemkumbuka. Mzee mpole, kapteni, hana neno na mtu. Miaka anawapa FBI mikanda, hakushukiwa hata siku moja. Alikufa kwa kiharusi ndani ya gari la wakala, katikati ya maongezi, na wenzake wakamzika kwa heshima zote. Katika kipindi hichohicho Tony anapigwa risasi. Na nani? FBI? Genge la New York? Mjomba wake, Junior, mzee aliyepoteza kumbukumbu, aliyedhani ni mtu mwingine ameingia ndani. Tony alikuwa amekwenda kumpikia. Huku kwingine nusura amuue Paulie kwenye boti ya kukodi kule Florida, kwa shaka ya utani mmoja uliofika masikio ya Johnny Sack, mkubwa wa genge la New York.

Salma: Kwa hiyo wasiwasi wake wote haukumkamata hata mmoja?

Mjomba Idi: Aliowakamata aliwakamata kwa bahati au kwa tumbo. Waliomwumiza hasa ni aliokula nao. Sizoni ya kwanza umeiona: nani alikuwa nyuma ya mpango wa kumpiga risasi?

Salma: Mama yake mzazi...

Kassim: 👀 Shangazi upo?

Mama Salma: Kassim nitakuja huko.

Salma: Na mwisho kabisa? Anakufa?

Mama Salma: Hapo sijui nikwambieje. Wamekaa mgahawani, wanakula vitunguu vya kukaanga, kila kengele ya mlango ikilia Tony anainua macho. Na wewe unainua. Halafu skrini nyeusi. Nilizima televisheni nikawasha mara tatu.

Farida: Mwaka 2007 Wamarekani walidhani kebo imekatika. Hauko peke yako shangazi.

Salma: Sawa. Mama nimekusamehe nusu. Sasa hiyo taa ni nini?

Mama Salma: FBI walitengeneza taa inayofanana kabisa na ile ya Tony ya chumba cha chini, wakaingia wakaibadilisha, ina kinasa sauti ndani. Kazi ya watu wengi kwelikweli. Halafu binti yake Meadow akaipenda, akaichukua akaenda nayo chuoni.

Salma: Subirini. Taa yangu ya mezani hapa hosteli nilipewa na Ba'mdogo.

Kassim: 😳😳😳

Farida: Ndiyo maana hajibu. Anatusikia moja kwa moja.

*Ba'mdogo Rashidi anaandika...*

*Ba'mdogo Rashidi anaandika...*

Ba'mdogo Rashidi: Salma, isogeze kidogo mbali na feni. Inavuma.